Msomaji wa Kwanza Hakufika Barazani

Hadi leo mtu akiniambia kwamba makala yake iko kwa wasomaji, namwonea huruma kabla sijajua imeandikwa kuhusu nini. Wajukuu wangu wenye digrii wananiambia utaratibu haujabadilika sana: unaandika, unaondoa jina lako, unatuma, kisha watu wasiokujua na usiowajua wanakaa na kazi yako mpaka watakapojisikia kuirudisha. Wanasema ndivyo elimu inavyolindwa. Labda. Mimi niliujua utaratibu huo nikiwa karani pale Walikale, mwanzoni mwa miaka ya hamsini, na ulinitoa jasho kuliko barabara yoyote niliyowahi kuitembea kati ya Masisi na msituni.

Mimi ni mtu wa vilimani. Wazazi wangu walilima maharagwe na mtama karibu na Kingi, huko Masisi, na mapadri walinifundisha Kifaransa na mashini ya kuandikia mpaka vidole vikawa vyepesi kuliko ulimi. Serikali ya Wabelgiji ilinichukua na kunipeleka Walikale, kwenye ofisi ya teritwari, yaani wilaya yao, ambako mvua haikati na karatasi zinaota ukungu ndani ya kabati. Sikulalamika sana, maana dada yangu mkubwa alikuwa ameolewa upande huo, huko Pinga. Yeye ndiye aliyenibeba mgongoni mama alipokuwa shambani. Nilikuwa namwita yaya, na sijawahi kumwita jina lingine.

Mume wa dada alikufa. Haikuchukua muda, shemeji yetu, mdogo wa marehemu, akaja kudai mjane pamoja na shamba la ndizi na michikichi. Dada alikuwa Mkristo na alikataa kurithiwa. Alisema michikichi ile aliipanda kwa mikono yake, na watoto wake watakula pale. Kesi ikaenda kwa wazee wa baraza dogo la Pinga, wakabishana, wakala, wakabishana tena, mwishowe wakampa dada shamba.

Sasa nieleze jambo moja, maana bila hilo hakuna kitakachoeleweka. Baraza lile halikuandika. Hukumu ilikabidhiwa kwa mtu aitunze kichwani, na mtu huyo hakuwa rafiki wa aliyeshinda. Alikuwa yule mzee aliyepinga hukumu kwa nguvu kuliko wenzake. Sababu yao ilikuwa wazi: akisimama kesho na kusema "ndiyo, tulimpa mama huyu shamba," nani atasema ameitunga, wakati kila mtu anajua yeye hakuitaka? Na kabla hajafa, ataitamka mbele ya baraza lililoketi, na mwingine ataipokea. Mtunzaji wa hukumu ya dada yangu alikuwa mzee mmoja mkali, mwenye kifua kibovu, ambaye mpaka wakati huo alikuwa akimwambia dada usoni kwamba mwanamke hana haja na michikichi mingi namna ile. Lakini shemeji alipojaribu kuvuna, mzee huyo huyo ndiye aliyekuja na fimbo yake kumfukuza. Niliupenda utaratibu ule. Niliuona kuwa na akili kuliko kabati letu la ukungu.

Kisha ikaja habari ofisini kwamba serikali inataka kuunganisha mabaraza madogo na kubakiza makubwa machache yenye karani na daftari. Jina la Pinga lilikuwa miongoni mwa yale ya kufungwa. Nikaona mara moja kitakachompata dada. Baraza likifungwa, hukumu zake za kichwani zitahesabiwa kuwa hazipo, na shemeji atakwenda kwenye baraza kubwa kuanza upya.

Nilimwendea mtawala wa teritwari, Mbelgiji mwenye mashavu mekundu, si mtu mbaya, ila mvivu wa kugombana na wakubwa wake. Nikamwambia nataka kuandika barua jimboni. Akacheka.

"Karani, barua yako nani atasoma? Bakubwa ya jimbo hapana soma barua ya karani. Lakini hii, bakubwa nasoma yote."

Akanitupia jarida. Lilikuwa jarida la wataalamu wa utawala, jalada la kijivu, linachapishwa mji wa mbali. Humo maafisa na maprofesa walieleza namna ya kutawala: kodi, mabaraza, barabara, machifu. Mtawala aliniambia kwamba wale watakaoamua juu ya mabaraza wanalisoma kila linapotoka, na kwamba neno likishachapishwa mle hata yeye anaweza kuliweka mezani na kusema, tazameni, wataalamu wamekubali. Akaongeza kwamba wanapokea makala bila kuangalia nani ameandika. Jina linaondolewa, ili kazi ipimwe yenyewe.

Siwezi kueleza nilivyofurahi. Mimi, mtu mweusi ninayesimama kila Mbelgiji anapopita kwenye varanda, nitapimwa bila uso! Niliandika kwa wiki nyingi, jioni baada ya kazi, nikaeleza baraza la Pinga linavyosikiliza, linavyobishana, linavyokabidhi hukumu kwa mpinzani. Nikatoa mfano wa mjane mmoja na shamba lake la michikichi. Nikapendekeza kwamba baraza likifungwa, kwanza watunzaji waitwe na hukumu zao ziandikwe. Jina langu niliweka kwenye karatasi ya pembeni kama jarida lilivyotaka, nikapeleka nakala kwa lori la posta linalopita Masisi kwenda Goma.

Katibu wa jarida alinijibu kwa adabu. Alieleza kwamba makala imepelekwa kwa wasomaji wawili, kila mmoja peke yake, wala hawatajuana. Kila msomaji angechagua mojawapo ya maneno yao: chapisha, chapisha baada ya masahihisho, andika upya, au kataa. Mimi nisubiri.

Nikasubiri. Maharagwe ya nyumbani yalipandwa yakavunwa. Dada alituma mtu kuuliza wazungu wamesema nini, nikajibu wanasoma. Akatuma tena, nikajibu bado wanasoma. Mara ya tatu yule mjumbe aliniuliza, kwa moyo mweupe kabisa, kama wazungu hao wanajua kusoma vizuri. Nikamfukuza, lakini swali likabaki na mimi.

Maoni yalipofika nilijifungia ofisini. Msomaji wa Kwanza alisema kwamba mwandishi, bila shaka kijana wa Kizungu aliyewasili juzi koloni, anawaza mambo mazuri mno kuhusu wenyeji. Akashauri mwandishi atoke ofisini, akae vijijini walau kwa muda, awaulize wenyeji wenyewe kama utaratibu huu upo. Alisema ushahidi hautoshi.

Msomaji wa Pili alisema kwamba mwandishi, bila shaka mwenyeji aliyesomeshwa na misheni, yuko karibu mno na mambo anayoyaeleza. Akashauri kazi ikaguliwe na afisa wa Kizungu. Alisema ushahidi ni mwingi kupita kiasi, ufupishwe.

Nilisoma karatasi zile mbili, moja mkono huu, nyingine mkono ule, damu ikanipanda. Huyu ananiambia niwe Mwafrika, huyu ananiambia niache kuwa Mwafrika, na wote wawili wananiomba nifanye hivyo ndani ya kurasa zile zile. Katibu, kwa upande wake, aliandika mstari mmoja tu: tafadhali zingatia maoni ya wasomaji wote. Wote! Ningempata siku ile ningemuuliza nianze na mguu upi.

Basi nikaomba ruhusa, nikaenda Pinga kuwauliza wenyeji kama wapo.

Dada alinipikia sombe ya majani ya muhogo na samaki wa mtoni, akaniuliza kama makala imekubaliwa. Nikamwambia imekubaliwa nusu. Akaniangalia kama mtu aliyeambiwa ng'ombe amezaa nusu. Kesho yake nikaingia barazani, chini ya paa la majani ya msituni, wazee wakiwa wamekaa na kasiksi, pombe yao ya ndizi. Nikawafasiria maoni ya Msomaji wa Kwanza neno kwa neno. Nilikosea hapo. Nilidhani watacheka, watanipa ushahidi zaidi, nitarudi zangu.

Msemaji wa baraza, mzee mwenye sauti ya chini, aliweka kibuyu chini.

"Huyu muntu mwenye anasema maneno yetu haiko na ushahidi, iko wapi?"

"Iko mbali, papa. Sijue hata muji yake."

"Jina yake?"

"Banafichaka jina, papa. Njo sheria yabo."

"Na yeye anajua jina yako?"

"Hapana."

"Sasa munapingana namna gani, na hamujuane?"

Nikaanza kueleza. Nikasema kwamba jina likifichwa, mtu anasema kweli bila woga. Wazee wakatazamana. Mtunzaji wa hukumu ya dada, yule mkali, alikohoa kwa muda mrefu, kisha akasema kwamba yeye alimpinga dada yangu mbele ya macho yake, akiwa ameshiba ugali wa dada yangu, na hakuona woga wowote. Muntu mwenye anaogopa kusema kweli na jina yake, alisema, aache kusema, akalime.

Nikadhani yameishia hapo. Kumbe kwao kesi ilikuwa imefunguliwa. Kuna mtu amelishtaki baraza kwamba linasema uongo, na mshtaki lazima aje. Wakaleta kigoda, wakakiweka upande wa mshtaki. Kijana mmoja mwenye kifua kipana akatumwa kwenye ukingo wa njia kumwita mgeni.

"Papa," nikamwambia msemaji, "huyu muntu haiko karibu. Atasikia namna gani?"

"Njo maana tunamwita kwa nguvu."

Kijana akaita. "We mwenye ulisema tunadanganya! Kuya useme hapa!" Manyunyu yalikuwa yanaanguka, njia ilikuwa tupu, mbuzi mmoja alipita. Wakasubiri kama sheria yao inavyotaka, wakanywa, wakaita tena. Mimi nimekaa pale na mkoba wangu wa karani, nguo zimelowa, nikijiuliza nilichokuwa nimefanya hata Mungu anipatie jarida lile upande mmoja na wazee hawa upande mwingine. Kigoda kikabaki kitupu. Kufikia alasiri, msemaji akatamka kwamba mshtaki ameitwa kwa haki, hakufika, na amepoteza.

Nikasimama nikapinga. Nilisema kwa hasira kwamba hii si kesi, kwamba yule mtu hajashtaki mtu, ametoa maoni tu, na kwamba hukumu hii haitanisaidia mbele ya katibu hata kidogo. Nilipokaa, nikaona wote wananiangalia kwa furaha kubwa.

"Weye njo ulikataa," msemaji akasema. "Basi weye njo utaichunga."

Ndivyo nilivyokabidhiwa kuitunza kichwani hukumu ya baraza la Pinga dhidi ya Msomaji wa Kwanza. Wakanitamkia neno kwa neno, nikalazimika kuirudia mpaka wakaridhika.

Msifikiri wazee walikuwa wepesi kuliko wazungu. Baada ya hapo walitaka nao wasomewe makala yote, na kila mmoja akawa na neno. Mmoja alitaka babu yake atajwe kwanza. Mwingine alisema habari ya wanavyobishana ifutwe kabisa, watu wa Masisi wasije wakaiiga. Wa tatu alisinzia, akaamka, akapinga sehemu ambayo nilikuwa nimeshaifuta. Nilikaa nao siku kadhaa. Tofauti ni kwamba kila aliyepinga alinipikia, na nilipobisha alinijibu hapo hapo, na kama hoja yangu ilikuwa na nguvu alikubali mbele ya wengine huku akinuna. Nilirudi Walikale nimechoka, lakini makala ilikuwa imenyooka.

Niliandika upya. Kwa kuwa Msomaji wa Kwanza alitaka ushahidi wa vijijini, nikaongeza ukurasa mzima kuhusu baraza linavyomhukumu mshtaki wa mbali asiyefika: kigoda, mwito, kusubiri, mpinzani kukabidhiwa. Sikusema mshtaki alikuwa nani. Nikatuma.

Maoni yaliporudi, Msomaji wa Pili alikuwa bado hajajibu. Msomaji wa Kwanza alijibu, naye aliandika kwamba ukurasa ule wa mshtaki asiyefika hauaminiki. Kwa uzoefu wake wa miaka mingi, wenyeji hawahukumu mtu asiyekuwapo. Aliomba uondolewe, au mwandishi athibitishe kwamba jambo hilo limewahi kumpata mtu yeyote.

Niliitoa karatasi ile kwenye bahasha nikaisoma nikiwa nimesimama, kisha nikakaa, kisha nikacheka peke yangu mpaka mtawala akaja mlangoni kuona kama naumwa. Kicheko kilipoisha nikajisikia vibaya. Wakati mimi nacheka, tangazo la kufunga baraza la Pinga lilikuwa tayari mezani pangu, nilipaswa kulipiga mashini mwenyewe.

Ukurasa ule nikauondoa, nikamwandikia katibu. Nikamwambia baraza ninalolieleza linafungwa, tafadhali harakisheni. Akajibu kwa adabu ile ile kwamba Msomaji wa Pili yuko likizoni Ulaya, likizo ndefu ya miezi sita ambayo maafisa hupewa baada ya kazi yao ya miaka kadhaa, na makala imemfuata kwa meli. Jarida haliwezi kuamua kwa msomaji mmoja. Nikaandika tena, nikapendekeza wampe mwingine. Akajibu kwamba kubadilisha msomaji katikati si haki kwa mwandishi. Kwa mwandishi! Mwandishi mwenyewe ndiye aliyekuwa anaomba!

Baraza likafungwa. Wazee waliambiwa wasikae tena kama wahukumu, kwamba wakifanya hivyo watapigwa faini. Yule mtunzaji mkali alizidiwa na kifua msimu ule wa mvua. Dada aliniambia baadaye kwamba mzee alimwita kitandani, akamwambia anataka kuitamka hukumu apokee mtu mwingine, lakini hakuna baraza lililoketi, na bila baraza kuketi neno haliwezi kupita kutoka mtu hadi mtu. Wazee waliogopa faini. Dada alikaa naye, akampa uji. Mzee alimwambia tena kwamba michikichi ile ni mingi mno kwa mwanamke. Siku chache baadaye akafa, na hukumu ikaenda naye.

Shemeji hakuchelewa. Alifungua kesi kwenye baraza kubwa, lenye karani na daftari na bendera. Nilikwenda. Dada alikuwa amevaa kitambaa chake cha kanisa, amesimama wima. Mhukumu, mzee wa kabila kutoka upande mwingine ambaye hakumjua mtu wa Pinga hata mmoja, alimuuliza hukumu yake iko wapi.

"Ilikuwa kwa muzee mwenye alikufa."

"Iko na karatasi?"

"Haiko."

Mtawala alikuwepo kusimamia, amekaa pembeni na kofia magotini. Nikasimama na nakala yangu ya makala, ile ya karatasi ya kaboni, nikaomba isomwe. Mhukumu akamgeukia mtawala. Mtawala akaichukua, akaigeuza, akaniuliza kwa upole ambao ulinikera zaidi kuliko matusi.

"Hii imetoka ndani ya jarida?"

"Bado, bwana. Iko kwa basomaji."

"Kama ilitoka, mimi naweka pa meza. Sasa hii iko karatasi ya karani tu. Na karani iko ndugu ya mama huyu."

Alikuwa na haki, ndiyo iliyoniuma. Kule kwenye jarida walikuwa wamelifuta jina langu ili undugu na cheo na rangi visihesabiwe, na hapa, mahali pekee ambapo karatasi ile ingemfaa mtu, ilikuwa na jina langu tu na hakuna kingine. Nikakaa. Shemeji alipewa shamba kwa vile lilikuwa la ukoo. Dada aliruhusiwa kuchukua vyombo vyake na kuku. Hakulia pale. Alimuuliza mhukumu kama anaweza kungoja ndizi zilizokwisha kukomaa, mhukumu akasema hapana.

Nilimrudisha Masisi mwenyewe, yeye na watoto, kwa lori mpaka linapofika na kwa miguu baada ya hapo. Kaka yetu aliyebaki na ardhi ya wazazi karibu na Kingi alimpa kipande cha maharagwe, cha kulima kwa muda, kwenye mteremko ambao mvua inauchubua kila mwaka. Baridi ya kule juu ilimsumbua, alikuwa amezoea joto la msitu.

Naam, kisha barua ikaja. Msomaji wa Pili amerudi kutoka likizo, amependezwa, makala imekubaliwa. Katibu alinipongeza. Nilimwandikia siku ile ile nikiwa na hasira hadi nikatoboa karatasi. Nilimwambia mambo yamegeuka, baraza limefungwa, mjane amenyang'anywa shamba, kwa hiyo sehemu ile irekebishwe iseme yaliyotokea. Akajibu kwamba anasikitika. Badiliko la namna hiyo linagusa kiini cha makala, na makala ikibadilishwa kiini baada ya kukubaliwa lazima irudi kwa wasomaji. Barua yake iliponifikia, jarida lilikuwa limeshachapishwa, na nakala yangu ilikuwa kwenye lori lile lile.

Ndani yake jina langu lilikuwa limerudi, kubwa, juu kabisa. Mtawala alinipa mkono mbele ya ofisi nzima. Makarani wenzangu walilipitisha mkono kwa mkono, wengine wakalinusa wino. Nilipopata ruhusa nililichukua nikaenda nalo nyumbani, nikamkuta dada shambani, jembe mkononi, akinihukumu kwa macho kwa kuvaa viatu kwenye udongo wenye maji.

"Njo hii?" akauliza.

"Njo hii, yaya."

Alifuta mikono kwenye kitenge, akalipokea jarida, akaligeuza, akalipapasa jalada. Hakujua kusoma. Akanirudishia.

"Nisomee pale mi niko."

Nilikuwa nimejiandaa kwa mengi njiani, ila si kwa hilo. Nikatafuta ukurasa, nikafasiri kutoka Kifaransa, polepole, nikitamani Kifaransa kiwe kirefu zaidi. Nikasoma kwamba mjane mmoja wa Pinga alipewa na baraza shamba la ndizi na michikichi aliyoipanda mwenyewe, kwamba hukumu hiyo inatunzwa na mzee aliyeipinga, na kwamba hukumu za namna hii huheshimiwa na wote: mjane huyo anaendelea kulima shamba lake bila kusumbuliwa.

"Soma tena."

Nikasoma tena. Aliegemea jembe, akitazama chini bondeni.

"Bale basomaji babili, basomi kabisa?"

"Basomi kabisa, yaya."

"Balisoma hii yote?"

"Balisoma. Balichunguza kila neno. Karibu miaka miwili."

Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu anayepiga hesabu ambayo haikubali.

"Na hakuna hata moja mwenye alituma muntu aniulize."

Nikasema hakuna. Nilitaka kumweleza tena sheria ya majina, meli, likizo, katibu. Lakini alikuwa ameshainama, anapalilia, maana wingu lilikuwa linashuka na mstari ule alitaka kuumaliza kabla kaka hajabadili mawazo juu ya kipande kile.